Daftari la Kishapu na Kajiado

Kishapu, mkoani Shinyanga, Tanzania. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu, na kina mama wa hapa hawakubali uahirishwe. Wamefika na orodha yao: matundu ya vyoo yaliyojaa, wasichana walioacha shule, siku ambazo uji haukupikwa. Kabla mwenyekiti hajafunga ajenda ya ulinzi, mama mmoja anasimama: “Mwalimu, ruzuku imeingia kiasi gani?” Serikali imepanga shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki serikali kuu kununulia vitabu. Mwalimu mkuu anasoma hesabu, kijiji kizima kinasikia. Ujasiri huu una walezi wake: shirika la mtandao wa jinsia, TGNP, limesaidia wanawake kuanzisha vituo vya taarifa na maarifa, wanakojifunza kusoma bajeti.

Kajiado, Kenya, ng’ambo ya mpaka wa Namanga. Sauti za kina mama si hafifu, ila safari yao ni ndefu. Walianza kwa chifu kuomba walimu, chifu akawaelekeza kwa MCA, mjumbe wao katika bunge la kaunti, naye akawaambia shule ya msingi si kazi ya kaunti. Alisema kweli: kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, mwalimu huajiriwa na tume ya walimu, TSC, na darasa jipya mara nyingi hujengwa kwa pesa za mfuko wa maendeleo ya jimbo, CDF. Kweli hiyo iliwagharimu nauli. Nimewaonea uchungu, maana hakuna aliyewaeleza hayo tangu mwanzo.

Hata hivyo wana silaha ambayo Kishapu waliikosa kwa miaka mingi. Kenya ina mwongozo wa kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua tangu 1994. Tanzania iliruhusu Novemba 2021. Na tangu 2017 sheria ya Kenya inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo, ingawa akina mama wanasema zinafika kwa kusuasua.

Kuhusu mtoto wa msichana anayerudi shuleni, pande zote mbili nimesikia jambo moja. Ruhusa ipo, lakini binti akiwa darasani nani atamshika kichanga? Bibi, karibu kila mara. Na bibi huyo ndiye anayelima. Hili halimo katika waraka wowote niliosoma, nami naliona zito kuliko karo. Kishapu wameliingiza kwenye orodha ya mkutano ujao, chini ya hoja ya vyoo: wanaomba chumba kimoja karibu na shule na mlezi wa zamu, halmashauri ichangie uji.