Swali Limeuliza Nini?

Jioni moja darasani kwetu mama mmoja alikosea hesabu ubaoni. Wenzake wakacheka kidogo. Yule mama akaiweka chaki chini, akanigeukia, akauliza, "Mwalimu, na wewe umewahi kushindwa mtihani?"

Darasa lote likanyamaza. Nikamjibu kwamba nimewahi, tena mtihani ambao nilikuwa na hakika nitaushinda. Basi siku ile hatukuendelea na hesabu. Niliwaeleza habari yote, nawe nakueleza. Huenda wewe, au mtoto wako, mtaitwa siku moja kufanya mtihani wa namna hiyo.

Mtihani wenyewe ni ule wa kuomba kazi ya serikali. Watu huuita usaili. Zamani kijana aliyemaliza chuo alipangiwa kazi na serikali. Siku hizi sivyo. Nafasi hutangazwa, waombaji huwa wengi, nao hushindanishwa. Tangu mwaka 2010 iko Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo kazi yake ni kutangaza nafasi na kusaili watu. Mimi usaili wangu uliendeshwa na halmashauri ya wilaya. Lakini utaratibu ni ule ule. Kwanza mnaandika mtihani, na huo huitwa mchujo, kwa kuwa ni kama kuchuja tui: wengi wanamiminwa, wachache wanapita. Waliopita huitwa tena kwa mahojiano ya ana kwa ana.

Mwaka 2013 nilikuwa kijana mwenye astashahada ya elimu ya watu wazima. Sikuwa na kazi. Nilikuwa nyumbani kijijini kwetu, mkoa wa Singida, nikilima alizeti na kufundisha kisomo kwa kujitolea. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu. Hakuwahi kwenda shule. Alianza kisomo akiwa tayari ana wajukuu.

Nafasi ilipotangazwa niliomba, nikaitwa. Nilijiandaa kwa bidii. Nilikariri miaka na tarakimu zote za elimu ya watu wazima katika nchi yetu. Nilijua kwamba mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nilijua kwamba mwaka 1975 watu wazima 39 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika, na kwamba mwaka 1986 walikuwa wamebaki kama 10 katika kila 100. Nilizitaja kampeni za redio moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu mbuzi wake wakiingia zizini. Mama aliuza kuku watano ili nipate nauli na pesa ya kulala mjini, kwa maana msailiwa hujilipia mwenyewe safari, chakula na malazi.

Tuliingia chumba cha mtihani saa 3 asubuhi. Swali la kwanza lilisema hivi: "Taja kampeni mbili za elimu zilizoendeshwa kwa redio. Eleza jinsi mojawapo ilivyobadili maisha ya wanakijiji." Nilifurahi sana. Nikaandika kampeni zote. Uchaguzi ni Wako, mwaka 1970. Wakati wa Furaha, mwaka 1971. Mtu ni Afya, mwaka 1973. Chakula ni Uhai, mwaka 1975. Misitu ni Mali, mwaka 1980. Nikaongeza na maelezo ya kila moja. Nilijaza kurasa mbili, mkono ukauma.

Swali jingine lilikuwa la hesabu, dogo kabisa. "Darasa la kisomo lina watu 40. Robo tatu yao ni wanawake. Wanaume ni wangapi?" Robo tatu ya 40 ni 30. Nikaandika 30, nikapita.

Labda wewe msomaji umekwisha kuliona kosa langu. Mimi sikuliona mpaka nilipokuwa ndani ya basi, narudi nyumbani. Tulikuwa tumefika nusu ya njia. Nilimwona mwanamume mmoja amekaa peke yake kati ya akina mama, na ghafla nikakumbuka: wameuliza wanaume! Wanaume ni 10. Halafu nikakumbuka swali la kwanza. Wametaka kampeni mbili, mimi nimetoa tano. Wametaka jinsi maisha yalivyobadilika, mimi sikuandika hata sentensi moja juu ya maisha ya mtu yeyote. Sijui kama umewahi kukaa ndani ya basi lililojaa, unataka kushuka urudi, na huwezi.

Majina yalipobandikwa, langu halikuwamo. Mama hakuniuliza neno. Alisema tu, "Kuku watazaa wengine." Ndugu msomaji, afadhali angenigombeza.

Mwaka 2015 nafasi ilitangazwa tena. Safari hii nilianza na tangazo lenyewe, nikalisoma lote. Watu wengi husoma jina la kazi na tarehe ya mwisho, basi. Lakini katika tangazo kuna sehemu inayotaja kazi atakazofanya mwajiriwa. Humo ndimo maswali mengi hutoka. Kama tangazo linasema mwajiriwa atatunza takwimu za madarasa, jiandae kwa swali la takwimu. Niliigeuza kila kazi iliyotajwa kuwa swali. Nikayaandika maswali hayo kwenye vipande vya karatasi, kwa herufi kubwa, kila kipande swali moja.

Kisha nikampa mama avishike. Nilifanya hivyo ili nimsaidie yeye kuzoea kusoma, maana alikuwa amefika hatua ya sentensi ndefu na alikuwa anachoka haraka. Kila usiku, baada ya chakula, tulikaa karibu na taa. Yeye anasoma swali, mimi najibu.

Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya maneno. Mwanzoni nilikosa subira. Akifika katikati ya swali, mimi nimekwisha kujibu. Naye alikuwa akiendelea kusoma mpaka mwisho, kana kwamba sijasema kitu, halafu ananitazama. "Hapa wamesema mbili," ananiambia. "Wewe umetaja ngapi?" Au, "Wameuliza kwa nini. Wewe umenijibu lini." Usiku mmoja nilimwekea lile swali la watu 40. Alipofika neno la wanaume alilisoma mara mbili: wa-na-u-me. Mtu anayesoma hivyo neno halimpiti. Mimi niliyesoma miaka mingi nilikuwa naona maneno mawili ya kwanza, mengine najitungia mwenyewe.

Baada ya siku chache nikaacha kumkimbiza. Nikawa nangojea kidole chake kifike mwisho wa mstari ndipo nifungue kinywa.

Lile swali la kampeni nalo lilinisumbua. Nilijua miaka, lakini sikujua jambo lenyewe. Basi nikalipeleka darasani. Palikuwa na mzee mmoja aliyesoma kisomo ujanani, herufi zikamtoka kwa kukosa cha kusoma, akaanza upya. Nilipotaja Mtu ni Afya, alicheka. "Mwalimu, hiyo si historia. Mimi nilikuwamo."

Alitueleza kwamba mwaka 1973 walikaa kikundi chini ya mti, redio moja imewekwa juu ya kiti. Kwa majuma 12 walisikiliza kipindi, kiongozi wa kikundi akawasomea kijitabu, kisha wakajadiliana. Juma hili malaria, juma lile kuhara. Hawakuishia kusikiliza. Kila mara walikubaliana jambo la kufanya. Walifyeka majani karibu na nyumba. Walichimba vyoo. Yeye mwenyewe alichimba cha nyumbani kwake kwa siku nne, mwamba ukamvunjia mpini wa jembe. Mama mkwe wake alikataa kukitumia kwa mwezi mzima. Darasa lilicheka sana.

Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba watu wapatao milioni 2 walishiriki kampeni ile nchini kote. Lakini sikuwahi kuambiwa habari za mpini uliovunjika. Usiku ule nikaandika jibu jipya la swali la kampeni. Lilikuwa nusu ukurasa tu.

Zikabaki kama siku 20. Barua ya kuitwa usaili ikaja, ikisema niende na kitambulisho na vyeti halisi, kuanzia cheti cha kuzaliwa. Nikavitoa vyeti vyangu kwenye bahasha, nikavipanga mkekani. Mama akaomba avisome. Nilidhani anajifunzia tu.

Alichukua cheti cha kuzaliwa, kidole kikatembea. Akachukua cheti cha kidato cha nne. Akarudi kwenye kile cha kwanza. Akakaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, jina la baba yako hapa linaanza na nini?"

Nikatazama. Kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa Ramadhani. Kwenye cheti cha shule limeandikwa Lamadhani. Nilikaa na vyeti hivyo miaka mingi. Nilivitoa vivuli mara nyingi. Mwaka 2013 nilikwenda navyo kwenye usaili, na labda mkaguzi wa siku ile naye alisoma haraka kama mimi. Lakini barua safari hii ilisema wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana alete hati ya kisheria ya majina. Bila hati hiyo ningeweza kurudishwa mlangoni, kabla hata ya kuliona swali.

Mama alijua kosa lilitokea wapi. Siku aliyonipeleka kuanza shule, aliyeandikisha watoto alimwuliza majina. Yeye akayataja kama sisi kwetu wengi tunavyotamka, R na L zikibadilishana. Mwandikaji akaandika alichosikia. Akamgeuzia daftari aangalie kama ni sawa, kisha aweke dole gumba.

"Niliangalia," mama akasema. "Nikasema ni sawa. Ningesema nini? Niliona wino tu."

Nilimwambia si kosa lake. Hakunijibu. Alivikusanya vyeti akavirudisha kwenye bahasha kimoja kimoja. Usiku ule hatukusoma maswali.

Kesho yake asubuhi alimfungua mbuzi jike akampeleka mnadani. Kwa pesa hiyo nilikwenda kwa wakili, akaniandikia hati inayosema kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, kisha ikapelekwa kusajiliwa. Nilisafiri mara mbili. Nilipoipata zilibaki siku tatu. Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, leo hii ukimaliza kusoma ukurasa huu, vitoe vyeti vya watoto wako. Viweke pamoja. Soma kila jina, herufi kwa herufi. Usingoje barua ya usaili.

Jambo jingine nalitaja upesi. Katika safari zile mtu mmoja stendi alinifuata akasema anao ndugu ofisini, nikimpa shilingi laki mbili jina langu litapita. Nafasi ya kazi haiuzwi. Anayekuuzia ni tapeli, nawe ukimlipa umekuwa mtoa rushwa. Nilimwambia sina, na kweli sikuwa nazo.

Siku ya mtihani mkaguzi alivipokea vyeti vyangu mlangoni. Huyu alisoma. Alisimama kwenye jina, akanitazama, nikampa hati. Akaisoma yote. Akasema, "Pita."

Sitakueleza maswali yote. Niliweka kidole chini ya kila mstari kama mtoto wa darasa la kwanza, na kijana aliyekaa jirani yangu alinitazama kwa kunishangaa. Pembeni ya kila swali iliandikwa idadi ya alama. Swali la alama 2 nililipa mistari miwili. Swali la alama 15 nililipa muda. Halikuwamo swali la kampeni za redio. Lilikuwamo swali la kwa nini watu wazima huacha darasa, na jinsi ya kuwarudisha. Nilimwandika mzee wetu, bila kumtaja jina: aliyejua kusoma, akakosa cha kusoma, akasahau, akarudi.

Siku majina yalipobandikwa nilikuwa na mama mjini. Alikuja kuuza mayai. Watu walikuwa wamesongamana mbele ya ubao wa matangazo. Nilitaka kujipenyeza, lakini mama alinishika mkono. "Acha nisome mimi," akasema.

Watu wakampisha, maana ni mtu mzima. Akaweka kidole kwenye jina la kwanza. Akasoma majina yote matatu ya mtu yule. Akaenda kwenye la pili. Nyuma yetu kijana mmoja akanung'unika, "Mama, tafadhali, na sisi tunataka kuona." Mama hakugeuka. Kwenye jina la 9 kidole kikasimama. Akasoma jina langu. Akasoma jina la baba. "Ra," akasema, kwa sauti. "Ra-ma-dha-ni."

Nilitaka kumshika tuondoke. Kidole kikashuka kwenye jina la 10.

"Mama, tumekwisha kuliona," nikamwambia.

"Subiri," akasema. "Sijafika mwisho."