Klarineti ya Langley Park

Langley Park haina meya wala baraza la mji. Ni jina kwenye ramani ya sensa, kipande cha kaunti ya Prince George's katika jimbo la Maryland, maili chache kutoka Washington, na sensa ya 2010 ilihesabu humo watu karibu 19,000. Sisi tulioishi pale tulipajua kwa njia panda yake, University Boulevard inapokutana na New Hampshire Avenue. Ni barabara pana kupita kiasi, magari hayakatiki, na katikati walikuwa wameweka uzio ili watu wasivuke popote wapendapo. Nyuma ya maduka kulikuwa na maghorofa mafupi ya matofali mekundu yaliyojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wengi wa wapangaji walitoka El Salvador na Guatemala, halafu Wajamaika, Wakameruni, na sisi wa Afrika Mashariki tuliotawanyika huku na huku. Jumamosi akina mama wa Kisalvador walitoka na vigari vyao wakiuza maembe yaliyotiwa ndimu, chumvi na pilipili, kama yale ya ufukwe wa Mama Ngina kule Mombasa.

Tulihamia pale mwaka 2006. Nilikuwa nimeacha ualimu wa shule ya msingi huko Kisauni, Mombasa, na kazi niliyoipata huku ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao, upande wa Silver Spring. Mume wangu aliendesha teksi usiku. Binti yetu aliingia darasa la kwanza mwaka huo, na mdogo wake nilikuwa bado nikimbeba.

Shule ilitupokea vizuri, na ninasema hivyo kwa moyo safi. Walimu walijua kwamba wazazi wengi hawasemi Kiingereza, wakatutafutia wakalimani, wakavumilia majina yetu. Binti yangu alipofika darasa la nne, mwaka wa shule wa 2009 na 2010, alirudi nyumbani na karatasi ya kuchagua ala ya muziki. Alikuwako mwalimu wa ala aliyezunguka shule kadhaa kwa wiki, leo hapa, kesho kwingine, gari lake limejaa stendi za chuma na vitabu vya nota. Shule ilikuwa na ala chache za kuazimisha. Binti yangu alitaka filimbi, akapewa klarineti kwa sababu filimbi zilikwisha.

Sijapata kuona mtoto akikishika kitu kwa heshima namna ile. Klarineti huja katika vipande vitano, kila kimoja kimelala kwenye shimo lake ndani ya kasha lenye kitambaa cha mahameli, na la kwetu mahameli yake yalikuwa yamechakaa pembeni kwa mikono ya watoto waliotangulia. Kwenye kifuniko palikuwa na namba ya shule iliyochorwa kwa rangi nyeupe. Vipande huunganishwa kwa viungo vya gome laini ambalo lazima lipakwe mafuta, la sivyo hukwama. Halafu kuna ule mwanzi mwembamba unaofungwa mdomoni mwa ala, ambao hauwezi kulia mpaka ulowe mate. Asubuhi ya siku ya muziki binti yangu alikunywa chai huku mwanzi umebanwa pembeni mwa mdomo, akizungumza nasi kwa nusu ya ulimi, na tulipomwambia autoe kwanza alikataa. Wiki za mwanzo sauti iliyotoka ilikuwa ya kutisha. Kuta za jengo lile zilikuwa nyembamba, nikawa natarajia kugongewa mlango.

Aliyegonga alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, mama wa Kisalvador. Mwanawe alikuwa darasa moja na binti yangu, amepewa tromboni, na alikuja kuuliza kama watoto wanaweza kufanya mazoezi pamoja kwetu, maana kwake walilala watu wa zamu ya usiku. Kwa Kiingereza changu cha darasani na chake cha jikoni mwa hoteli tulielewana. Tangu hapo Jumanne na Alhamisi sebule yangu ilikuwa bendi ya watu wawili. Mwezi wa tano walipiga mbele ya wazazi katika ukumbi wa kulia wa shule, watoto kama thelathini hivi, na baba zao wengine walikuja na buti za ujenzi zenye saruji.

Mwaka uliofuata mwalimu wa ala hakurudi. Tulipata barua ya Kiingereza na Kispania, yenye maneno ya adabu kuhusu bajeti, ikituomba turudishe ala zilizokuwa nyumbani. Darasa la muziki wa kuimba lilibaki, mara moja kwa wiki. Bendi ndiyo iliyokwenda.

Niliumia kwa sababu nilikuwa nimeyaona hayo kabla, nikiwa upande wa pili wa meza. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985, sanaa, ufundi na muziki viliingia kwenye masomo ya kutahiniwa katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Tulilalamika kwamba vifaa hakuna, na kweli havikuwako, lakini kila shule ililazimika kumtafuta mtu wa kufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani yalipunguzwa, na hayo yakaondolewa. Hakuna aliyeamuru muziki usifundishwe. Uliendelea kuandikwa kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na kipindi kikifika tukafundisha hesabu, mimi nikiwa mmojawapo, kwa kuwa shule zilipangwa kwa alama na wazazi walitaka alama. Kwaya za Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, ziliendelea kushindana kila mwaka, ila zikazidi kuwa kwaya za shule zenye uwezo wa kulipa basi, sare na mkufunzi.

Marekani ilikuwa na KCPE yake. Januari 2002 Rais George W. Bush alitia saini sheria iliyozitaka shule zote za umma zipimwe kila mwaka kwa kusoma na hesabu, na shule isiyofikia lengo miaka miwili mfululizo ipewe jina la kuhitaji kurekebishwa. Shule za watoto wa wahamiaji, ambao wanajifunza Kiingereza huku wanatahiniwa kwa Kiingereza, ndizo zilizokuwa karibu zaidi na jina hilo. Utafiti wa Center on Education Policy uliotoka 2007 ulikuta kwamba asilimia 62 ya wilaya za elimu zilikuwa zimeongeza muda wa kusoma au hesabu katika shule za msingi, na asilimia 44 zilikata muda wa mambo mengine ili kuupata. Februari 2009 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani nayo ilitoa ripoti. Walimu walio wengi walisema muda wa sanaa haukubadilika. Lakini waliosema umepungua walipatikana zaidi kwenye shule zilizopewa lile jina la kurekebishwa, na kwenye shule zenye watoto wengi wa jamii za wachache. Nilipokuja kuisoma ripoti hiyo miaka baadaye niliona sebule yangu ndani yake. Ukipiga wastani wa nchi nzima, huoni jeraha lolote. Wizara ya elimu ilipohesabu, asilimia 94 ya shule za msingi zilikuwa na muziki wa namna fulani mwaka 2009 na 2010, na shule ya binti yangu, hata ilipobaki na kipindi chake kimoja cha kuimba, bila shaka ingehesabiwa humo. Maigizo ndiyo yaliyoanguka bila kificho: asilimia 20 ya shule mwaka 2000, asilimia 4 miaka kumi baadaye.

Na fedha? Mkenya hushangaa anapoambiwa kwamba huku sehemu kubwa ya pesa za shule hutoka kwenye kodi ya majengo ya kaunti ileile. Pale nyumba zina thamani, shule zinashiba. Prince George's ilijifunga mkono mapema: mwaka 1978 wapiga kura wake waliweka kwenye katiba ya kaunti kikomo cha kodi hiyo. Kisha likaja anguko la 2008. Hakuna kaunti ya Maryland iliyonyang'anywa nyumba na benki kama Prince George's, na waliopoteza wengi walikuwa Waafrika-Wamarekani wa tabaka la kati waliokuwa fahari ya kaunti hiyo. Thamani ya nyumba ikashuka, kodi ikashuka, na mtu mmoja mwenye gari la stendi za chuma akaondolewa kwenye orodha ya mishahara.

Upande wa pili wa njia panda, hatua chache ukielekea magharibi, huanza kaunti ya Montgomery, mojawapo ya kaunti tajiri zaidi nchini. Hakuna mto wala ukuta. Basi linavuka, dereva hata hapunguzi mwendo. Nako kule walikaza mkanda miaka hiyo, lakini bendi za darasa la nne zilikuwako. Jirani yetu mji wa Takoma Park ulikuwa umekatwa katikati na mpaka huo, kipande huku, kipande kule, mpaka wakazi wakapiga kura kuwa kitu kimoja, na tarehe 1 Julai 1997 sehemu ya Prince George's ikahamishiwa Montgomery pamoja na mitaa yake na watoto wake. Nilipoelezwa habari hiyo na bibi niliyekuwa namtunza, nilimwomba airudie. Inawezekana, basi. Inataka mji wenye hati yake na watu wenye kura. Langley Park haikuwa mji, na wengi wetu hatukuwa raia.

Watu wema waliniambia: mbona kaunti yenu ina shule maalumu za sanaa? Ni kweli. Iko Thomas G. Pullen kule Landover, na Suitland High School ina kituo cha sanaa kinachosifika tangu miaka ya 1980. Tulijaza fomu ya bahati nasibu, jina la binti yangu halikutoka. Suitland wanaingia kwa kujaribiwa mbele ya walimu, na mtoto aliyenyang'anywa klarineti darasa la tano atapiga nini mbele ya walimu hao akiwa darasa la nane? Mtoto wa familia ya yule bibi niliyemtunza kule Silver Spring alikuwa na mwalimu wa fidla aliyekuja nyumbani kila wiki. Simwonei wivu, alipiga vizuri na alikuwa mtoto mpole. Ila shule yake ikifuta bendi kesho, yeye hatapungukiwa na kitu. Ndiyo maana neno kupunguza bajeti ya sanaa linanikera linaposemwa kana kwamba wote wanapunguziwa. Kinachoondolewa ni sehemu ya wale ambao shule ilikuwa mlango wao wa pekee.

Tulijaribu kuhangaika. Mimi na jirani yangu tulikwenda Wheaton, kwenye duka kubwa la ala la Chuck Levin's, tukazunguka tukitazama bei. Muuzaji alituonyesha klarineti za wanafunzi kwa uungwana mwingi. Jirani alishika tromboni moja, akauliza bei kwa Kispania, akairudisha mahali pake, tukanunua mianzi miwili ambayo hatukuwa na pa kuitia. Tulikwenda pia kwenye kikao cha bajeti Upper Marlboro, mbali, kusiko na basi la moja kwa moja, mume wangu akaacha kazi ya usiku huo kutupeleka. Kila mzungumzaji alipewa dakika chache. Walikuwako wazazi wa mabasi, wazazi wa watoto wenye ulemavu, wakutubi. Kila mmoja alikuwa na haki. Zamu yangu ilipofika nilieleza kuhusu watoto wawili na sebule, kisha jirani akaongea kwa Kispania na kijana mmoja akatafsiri. Walitusikiliza, wakatushukuru.

Mwaka 2014 tulihama. Nilikuwa nimepata cheti cha uuguzi, mshahara ukapanda kidogo, tukapata nyumba Silver Spring, kwenye barabara ileile ya University Boulevard, upande wa Montgomery. Kijana wetu aliingia darasa la nne. Mwezi wa tisa alileta karatasi ya kuchagua ala. Baba yuleyule, mama yuleyule, lafudhi zetu zilezile. Binti yangu, sasa wa kidato cha kwanza, aliichukua karatasi, akaisoma yote mpaka mwisho, akaniuliza ni nani aliyeamua kwamba ndugu yake apewe na yeye asipewe. Nilimweleza kuhusu kodi na mpaka. Alisikiliza. Akasema hilo si jibu, na mimi nikamwambia ni kweli, si jibu.

Jirani yangu alibaki Langley Park. Masika ya 2015 mkuu wa kaunti ya Prince George's, Rushern Baker, alipendekeza kupandisha kodi ya majengo kwa senti 15 katika kila dola 100 za thamani ya nyumba, fedha ziende shuleni. Kelele zilikuwa kubwa, na wenye nyumba ambao ndio kwanza walikuwa wanainuka baada ya 2008 walikuwa na sababu zao. Mwezi wa tano baraza lilipitisha senti 4. Nilimpigia simu jirani usiku ule. Alikuwa ameshasikia. Mwanawe wa tromboni, akiwa na miaka kumi na minne, alikuwa tayari anaosha vyombo mgahawani mwishoni mwa wiki, na alikuwa na wadogo wawili nyuma yake, mmoja darasa la tatu. Aliniuliza kama senti 4 zinatosha kumrudisha yule mwalimu wa ala kabla huyo hajafika la nne, na kikao kingine cha bajeti ni lini, maana safari hii alitaka kuongea kwa Kiingereza.