Kuruka na Kutua

Kiswahili chatumia neno moja, kuruka, kwa matendo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga. Mbuzi akivuka ukuta, ameruka. Kunguru akivuka mto, naye ameruka. Kila mwaka hapakosi mwanafunzi katika darasa langu la tafsiri anayelalamika ya kuwa huu ni upungufu, maana hajui amwelezeje msomaji kama mtu fulani alichupa au alipaa. Zamani nilimwonyesha hayo maneno mawili, chupa na paa, nikamwachia kazi ya kuchagua. Siku hizi humpa jibu jingine, nalo sikulitoa katika kamusi. Nililitoa katika mchezo wa watu wanaojitupa kutoka katika ndege na kushuka kwa mwavuli, mchezo ambao ulinifikia kwa njia ya ugomvi wa ukoo.

Mtoto wa dada yangu alizaliwa Bariadi, akasoma huko, akapata kazi Mombasa. Mwaka juzi alimwandikia mama yake kwamba anajifunza kuruka kwa mwavuli katika ufuko wa Diani, na kwamba hakuna la kuhofia. Sentensi hii ya pili ndiyo iliyotia hofu. Dada yangu ni mkulima wa pamba; fedha aijua kwa kilo na kwa msimu. Aliyageuza malipo ya mafunzo kuwa ng'ombe, akaona ya kuwa zizi dogo zima laweza kuishia mawinguni. Wazee wakaitwa, nami nikaitwa kutoka chuoni, kwa kuwa nina shahada ya udaktari na kwa sababu hiyo nadhaniwa kujua kila neno lina nini ndani yake.

Mzee mmoja alisema kwamba mwavuli ni kazi ya askari. Amewaona katika televisheni askari wa JWTZ wakishuka kwa miavuli katika sherehe za taifa, nao hushuka kwa amri na kwa mshahara. Asiyeamriwa wala kulipwa, ashuka kwa nini? Hoja hii ilikuwa bora kuliko zote, na hata leo sijamwona aliyeijibu sawasawa. Mwingine akasema kwamba huu ni uzungu mtupu. Hapo sikuweza kunyamaza. Wasukuma walikuwa na Bununguli, chama cha wawindaji wa nungunungu, ambao waliingia kwa tumbo katika mashimo ya mnyama huyo chini ya ardhi, na Bugoyangi, chama cha watu wa nyoka, ambao ngoma zao zatazamwa hata sasa. Hakuna serikali iliyowaamuru babu zetu kuingia shimoni gizani. Walikuwa na dawa, na nyimbo, na walimu, na mtu hakuingia kabla hajafundwa. Yule mzee alifikiri kitambo, akasema, "Haya, mwanangu. Nenda basi ukaone kama hao nao hufundwa." Nikawa mjumbe.

Nilikaa Diani siku nne, nikaona ya kuwa sehemu kubwa ya mchezo huu ni kungoja. Watu huamka mapema, wakautazama mfuko wa upepo ulio juu ya mlingoti, wakanywa chai, wakautazama tena. Chama cha waruka miavuli cha Marekani, ambacho kanuni zake hufuatwa na wengi hata nje ya nchi ile, hakimruhusu mwanafunzi kuruka peke yake upepo wa chini upitapo maili 14 kwa saa. Na pwani yetu, kusi ikishika, yaweza kumweka mwanafunzi chini siku nzima. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, hapa tunalipa ili tukae." Wakati huo wa kukaa hauendi bure. Kila mmoja hukunja mwavuli wake mwenyewe, akipiga magoti juu ya turubai, akizipanga kamba kundi kwa kundi, akiitoa hewa kitambaani kwa kulalia kwa kifua kama mtu anayefunga robota la pamba. Mwavuli wa akiba hauguswi na mwenyewe. Huo hukunjwa na fundi mwenye cheti, na kwa sheria za Marekani hufunguliwa na kukunjwa upya kila siku 180. Kisha kuna daftari ambamo kila mruko huandikwa namba yake, kimo, upepo, na umbali kati ya mahali alipotua mtu na mahali alipokusudia kutua. Mkufunzi husoma, hutia sahihi, na aghalabu huongeza neno kali. Pia wana desturi ya kumtoza kreti ya bia kila atendaye jambo kwa mara ya kwanza, na kwa desturi hii nadhani hata wazee wa Bariadi wasingekuwa na neno.

Mruko wenyewe ni mfupi. Ndege hupanda hata futi 12,000 hivi, mtu hutoka, na kwa muda usiotimia dakika moja huanguka kwa mwendo unaokaribia kilomita 200 kwa saa. Hiki ndicho kipande ambacho watu hukipiga picha. Kwenye mita 1,500 hivi mwanafunzi hufungua mwavuli, na mtazamaji aliye chini, kama nilivyokuwa mimi, hushusha pumzi akidhani ya kuwa hatari imekwisha.

Hapa yafaa nieleze chombo chenyewe, kwa maana jina lake la Kiswahili lapoteza. Mwavuli na kivuli ni ndugu wa shina moja. Ni kitu cha kumtilia mtu uvuli. Jina hili lilistahili parachuti ya kale, ile ya mviringo, aina ambayo Mfaransa André-Jacques Garnerin alishuka nayo kutoka katika puto mjini Paris tarehe 22 Oktoba 1797, akiyumba huku na huku hata watazamaji wakafadhaika. Parachuti ile ilifanya kazi moja tu, kuizuia hewa, na kwa sehemu kubwa mtu alikwenda alikopelekwa na upepo. Lakini katika miaka ya 1960 Domina Jalbert, mtengenezaji wa vishada aliyezaliwa Quebec na kufanya kazi Florida, alibuni kitambaa cha namna nyingine: cha umbo la mstatili, chenye tabaka mbili, na kati yake vyumba vilivyo wazi upande wa mbele na kufungwa upande wa nyuma. Hewa huingia kwa mbele, hukosa mlango wa kutokea, na kitambaa hukakamaa kikawa bawa. Bawa hilo halishuki tu, bali huenda mbele, kilomita 35 au 40 kwa saa kwa miavuli mikubwa ya wanafunzi, na mtu aliyening'inia chini yake ana vishikio viwili, kimoja kila mkono, vilivyofungwa kwenye ukingo wa nyuma. Akivuta cha kulia, upande wa kulia hupunguza mwendo na bawa lageuka kulia. Akivuta vyote viwili, lapunguza mwendo wote.

Maana yake ni kwamba mtu yule alichupa kutoka katika ndege, na sasa apaa. Alianza kama mbuzi, aendelea kama kunguru, na hakuna mahali katikati ambapo twaweza kupiga mstari. Neno letu moja lamtosha tangu mlango wa ndege hata mchangani. Hili ndilo jibu ninalowapa wanafunzi wangu wa tafsiri.

Lakini neno lililonishughulisha zaidi kule Diani ni kutua. Mtu hutua mzigo, ndege hutua mtini, na jua nalo hutua. Na ukilinyambua utapata tulia, na katika tulia utapata utulivu. Wakufunzi wale, ambao wengi hawakujua Kiswahili cha kutosha kuagiza chakula, walifundisha jambo hilohilo kwa mikono. Njia ya kutua huanza kwenye mita 300: kwanza kwenda pamoja na upepo, mahali pa kutua pakiwa ubavuni; kisha, kwenye mita 200 hivi, kukata kona; kisha, kwenye mita 100, kuelekea upepo na kubaki hivyo. Kila kona ina kimo chake. Ufuko nao una mambo yake: bahari upande mmoja, minazi na majengo upande mwingine, na maji yakijaa uwanja wa asubuhi huwa mwembamba kama njia ya miguu. Mita tatu au nne kutoka chini mtu huvuta vishikio vyote viwili kwa pamoja, mwendo wa mbele hugeuka nguvu ya kuinua, na kama amepatia, huweka miguu mchangani kama mtu ashukaye kitandani. Akivuta mapema mno, bawa hupoteza nguvu lingali juu. Akichelewa, hupiga magoti.

Sasa nifike penye shida. Katika taarifa za vifo vya mchezo huu zinazotolewa Marekani mwaka hata mwaka, sehemu kubwa ni ya watu waliokufa chini ya mwavuli mzima, uliofunguka vyema, usio na kasoro yoyote. Sababu kubwa mojawapo ni kona ya chini. Mtu yuko mita 30 kutoka ardhini, aona yuko mahali pabaya, au aona kwamba upepo wamsukuma kwa nyuma, avuta kishikio kimoja kwa nguvu. Bawa hulala upande na kupiga mbizi, mwili hurushwa nje kama jiwe la teo, na kabla mwili haujarudi chini ya bawa ardhi imefika. Kama angetua na upepo ubavuni angevunjika kifundo, au angechafuka tu. Walimu wana njia ya kugeuka kwa breki nusu, pole, bila bawa kulala, nao huwarudisha wanafunzi katika somo hilo hata wachoke.

Na ajabu ni kwamba vyombo bora havikuondoa jambo hili. Mwaka 1991 Mjerumani Helmut Cloth alileta Cypres, kidude kinachopima mwendo na kimo na kuufungua mwavuli wa akiba chenyewe mtu akiwa bado aanguka kwa kasi karibu na ardhi. Kimeokoa watu wengi. Lakini miaka ileile miavuli ilikuwa ikipungua ukubwa na kuongezeka kasi, kwa kuwa wenyewe waliipenda hivyo. Bill Booth, Mmarekani ambaye vyombo alivyovibuni vimo katika karibu kila mkoba wa mwavuli, amesema kwa miaka mingi ya kuwa kadiri vyombo vinavyokuwa salama ndivyo warukaji wanavyojiongezea hatari. Mimi si mtu wa hesabu, ila kwa niliyoyasikia katika mazungumzo ya jioni kule Diani namwamini.

Njiani kurudi nyumbani nilikumbuka tai. Mtu wa Simiyu hana haja ya kwenda pwani kuona bawa linalotua. Pori la Akiba la Maswa na Serengeti vi jirani, na tai wa mizoga huonekana juu ya Meatu na Itilima kila jua linapopamba moto. Colin Pennycuick, mtaalamu Mwingereza wa elimu ya kuruka kwa ndege, aliwachunguza tai wa Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwafuata hewani kwa glaida yenye injini ndogo ya kuzimika. Aliandika jinsi wanavyongoja ardhi ipate moto, kisha huzunguka katika hewa ipandayo bila kupiga bawa. Na jinsi tai anayetaka kushuka anavyoteremsha miguu yake iliyotanda vidole, ili hewa imkamate. Miguu ile ndiyo breki zake. Tai hakati kona ya ghafula karibu na ardhi ikiwa hana lazima, japokuwa mzoga wamngoja na wenzake wamemtangulia.

Nilirudi Bariadi nikawaambia wazee ya kuwa ndiyo, hufundwa. Niliwaeleza mashimo ya nungunungu ya watu wale yako wapi: si kule juu walikokuhofia wao, bali mita 100 za mwisho. Mzee mwenye hoja ya askari alisema kwamba bado hajaambiwa ni kwa nini. Nikakiri kwamba sina jibu la kumpa, nikasema tu ya kuwa kijana nimemwona akingoja upepo saa sita bila kunung'unika, jambo ambalo akiwa nyumbani hakuliweza hata kwa ugali. Walicheka, na dada yangu akaachia.

Huyo kijana sasa amepita miruko 60. Mwavuli wake ni wa wanafunzi, wa mita za mraba 25 hivi, nao kwake ni aibu. Wenzake hushuka kwa kitambaa cha nusu yake, wakikata hewa kwa mlio. Mwezi uliopita aliniandikia kwamba amepata wa mkono wa pili, mdogo, kwa bei nzuri. Mama yake hajui tofauti ya mwavuli mkubwa na mdogo, na kila mtu amempongeza kwa kuwa mwanawe si mwanafunzi tena. Mimi naijua. Nimemwandikia abaki na ule mkubwa hata aweze kutua palepale apatakapo mara ishirini mfululizo, upepo ukiwa wa namna yoyote inayoruhusiwa, na hesabu hiyo niione katika daftari ikiwa na sahihi ya mkufunzi. Amejibu kwamba mwenye mwavuli amekubali kumngojea, na kwamba ataamua kusi ikitulia.