Gari la Kifahari na Mnyama wa Msamaria



Mzaliwa mmoja wa Kyavinyonge anayefanya biashara Butembo alitaka kuwapa wagonjwa wetu gari lake. Lilikuwa jipu kubwa la kifahari, lenye viti vya ngozi na vioo vyeusi, lililotoka Dubai, likashushwa Mombasa na kuingia nchini kupitia Kasindi. Alilitumia miaka kadhaa, kisha akanunua jingine. Niliitwa pamoja na walei wengine wanne tulitafakari toleo hilo, na mazungumzo yale ndiyo yaliyonisukuma kuwaandikia.

Haja yenyewe haina ubishi. Kijiji chetu kiko kando ya Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, na riziki yetu hutoka majini. Samaki wetu hupanda milima kwenda kuuzwa Butembo. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hupanda milima hiyo hiyo kwa taabu kuliko samaki. Wazee wanakumbuka kipoyi, machela ya miti iliyobebwa mabegani kwa zamu. Siku hizi mgonjwa huketishwa kati ya dereva wa pikipiki na ndugu anayemshika kiuno asianguke. Mvua ikinyesha, wenye nguvu hushuka na kusukuma.

Kwa hiyo tuliposikia habari ya jipu, tulipiga makofi. Muuguzi wetu pekee hakupiga. Aliuliza nani atalinunulia mafuta, kwa maana injini kubwa ya petroli katika matope haitosheki kwa lita 20 kwa kilomita 100. Aliuliza mgonjwa atalazwa wapi kati ya viti vile vizuri. Mafundi wa Butembo ni hodari, nao hufufua magari ambayo kwingine yangetupwa. Lakini gari linaloongozwa na kompyuta, likigoma, husubiri kipuri kutoka Kampala au ng'ambo, na uchungu wa kuzaa hausubiri. Halafu akasema neno lililotunyamazisha: katika barabara za Beni na Lubero, ambako watu wenye silaha huvizia wasafiri, gari la namna ile hutangaza kutoka mbali kwamba limembeba tajiri. Dereva wetu ndiye angelipa gharama ya tangazo hilo.

Mzee mmoja alikasirika. Zawadi haikataliwi, alisema, na anayeichunguza zawadi humwaibisha mtoaji. Sikumdharau, maana kwetu hilo ni jambo zito. Lakini Kanisa lenyewe limekwisha kutoa na kupokea magari ya fahari, na historia hiyo inafaa kujulikana.

Mwezi wa Desemba mwaka 1964, Papa Paulo VI alikwenda Bombay, India, kwa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa. Huko alitumia gari jeupe aina ya Lincoln Continental, zawadi ya Wamarekani. Alipoondoka alimwachia Mama Teresa wa Kalkuta. Je, mtawa yule alipanda gari lile kwenda kuwatembelea maskini wake? Aliliendesha bahati nasibu, na fedha zilizopatikana akazitumia kwa ajili ya Shanti Nagar, makao ya wagonjwa wa ukoma. Hatusikii kwamba Papa alinung'unika. Alikuwa ametoa, na aliyetoa ameachilia. Papa Fransisko naye alipoletewa Lamborghini mwaka 2017, aliibariki, akatia sahihi yake juu ya bati, kisha ikapigwa mnada Monaco mwaka 2018 kwa zaidi ya euro 700,000. Sehemu ya fedha hizo ilikusudiwa Wakristo wa uwanda wa Ninawi kule Iraki, waliokuwa wakirudi katika nyumba zilizobomolewa.

Wako pia waliolifikiria jambo hili kutoka upande wa gharama za safari. Nchini Austria shirika la MIVA, linalowatafutia wamisionari vyombo vya usafiri, huwaomba madereva kila mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, watoe sehemu ya kumi ya senti kwa kila kilomita waliyosafiri bila ajali. Napenda hesabu hiyo. Ni ndogo hata inachekesha, lakini inamfanya dereva akumbuke kwamba kufika salama ni deni.

Nilipowasimulia wenzangu hayo, mzee yule alinyamaza kidogo, kisha akaleta mwenyewe habari ya Msamaria. Akasema: tunasifu jinsi alivyompandisha yule majeruhi juu ya mnyama wake, tunasahau kwamba yeye mwenyewe basi alitembea kwa miguu, na kwamba kesho yake alitoa dinari mbili na kuahidi kulipa kitakachozidi. Mnyama peke yake asingetosha. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mfano huo; sikumbuki lililofika kwenye bili ya nyumba ya wageni.

Tulimwendea mtoaji watatu, na tulimweleza yote, hata ile hofu ya barabarani. Jasho lilitutoka. Alituuliza kama tunalidharau gari lake. Muuguzi akamjibu kwamba tunaliheshimu kiasi cha kutotaka kuliona limeoza chini ya mwembe wa parokia huku likiitwa bado kwa jina lake. Alicheka, akaomba muda.

Jipu liliuzwa Butembo. Kwa fedha hizo alinunua Land Cruiser kuukuu ya mwili mrefu, mbaya wa sura, ambayo kila fundi wa njiani anaijua, na nyuma yake pakafungwa kitanda cha mgonjwa. Hati zimeandikwa kwa jina la kituo cha afya, si la mtoaji wala la padre. Salio limewekwa kwa ajili ya mafuta na matairi, chini ya kamati yenye wanawake wawili waliowahi kupanda milima ile juu ya pikipiki wakiwa na mimba.

Dereva ameomba jambo moja: mfereji wa kona ya tatu, pale maji yanapokata barabara, uzibuliwe kabla ya mvua za Septemba. Salongo ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Kila kijana aje na jembe lake. Makoleo yako parokiani.