Mtani Msibani: Safari ya Temeke na Kinondoni

Leo twende pamoja Dar es Salaam. Hatutakwenda mjini kati kwenye maghorofa. Tutakwenda Temeke, kisha tutakwenda Kinondoni. Huko wanaishi watu wengi waliotoka vijijini kama wewe na mimi.

Nataka kukuonyesha jinsi watu wa mila mbalimbali wanavyokaa pamoja. Tena nataka uone jinsi wanavyozungumza juu ya mila zao bila kugombana. Mimi nilijifunza jambo hilo kwa kuaibika. Nitakueleza yalivyokuwa.

MJI WA WATU WA KILA KABILA

Zamani, mahali palipo Dar es Salaam palikuwa na kijiji kilichoitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860, Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji mahali hapo. Wenyeji wa nchi ile ni Wazaramo. Baadaye watu wa bara, wa kusini na wa visiwani walikuja kutafuta kazi. Mji ukakua, ukafika mbali.

Katika sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Zamani mkoa huo ulikuwa na wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Siku hizi ziko tano. Ubungo ilitengwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ilitengwa kutoka Temeke.

Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120. Ukikaa barazani Temeke jioni moja tu, utasikia Kiswahili cha lafudhi nyingi.

NYUMBA YA TANDIKA

Mimi ni Msukuma. Nilifika Temeke mwaka 1987, nikiwa kijana. Nilipanga chumba katika nyumba moja huko Tandika.

Je, umewahi kuona nyumba ya Kiswahili ya mjini? Mbele ina baraza. Ukipita mlango, unaingia katika ukumbi mrefu. Kulia kuna vyumba vitatu, na kushoto kuna vyumba vitatu. Nyuma kuna ua. Uani ndipo watu wote wanapopikia, wanapofulia na wanapoteka maji. Choo ni kimoja kwa wote.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kizaramo. Alikaa chumba cha mbele na mkewe. Vyumba vingine tulipanga sisi. Alikuwapo Mhaya, Mngoni, Mmakonde na mama mmoja wa Kigogo.

Basi fikiri, ndugu msomaji. Makabila sita, ua mmoja, choo kimoja! Kila mtu ana salamu yake, chakula chake na miiko yake.

Kwetu asubuhi tunasema, "Mwangaluka." Yule mama wa Kigogo alizoea kusema, "Mbukwa." Wenyeji wa pwani husema, "Shikamoo." Tulikubaliana bila mkutano. Asubuhi kila kijana alimwamkia kila mzee kwa shikamoo, naye mzee akajibu marahaba. Lakini taratibu tulijifunza pia salamu za wenzetu. Mama yule wa Kigogo aliposikia mtoto wa Kimakonde anamwambia "Mbukwa", alifurahi siku nzima.

Siku moja Mhaya alipokea mzigo kutoka Bukoba. Ulikuwa mfuko wa senene. Akawakaanga uani. Mimi nikacheka kwa sauti. Nikasema, "Nyinyi watu mnakula panzi!"

Mhaya hakukasirika. Akaniuliza, "Ndugu yangu, kwenu mvua ikinyesha hamli kumbikumbi?"

Nikanyamaza. Kwetu tunakula kumbikumbi, tena tunawapenda sana. Mke wa mwenye nyumba akasema, "Na mimi nikipika pweza, nyote mnakimbia." Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaonja senene. Walikuwa watamu.

Hapo nilipata somo la kwanza. Kabla ya kucheka chakula cha mwenzako, angalia kwanza chungu cha mama yako.

MTU ALIYECHEKA MSIBANI

Somo la pili lilikuwa zito zaidi.

Mwaka wa pili mwenye nyumba alifariki dunia. Tulihuzunika sana, maana alikuwa kama baba kwetu. Ndugu zake wakaja kutoka Kisarawe na Mbagala. Wanawake wakakaa ndani wakilia. Wanaume tukakaa nje kwenye mikeka.

Mara akaja mzee mmoja ambaye mimi sikumjua. Akaingia ndani moja kwa moja. Alipotoka alikuwa amevaa kofia ya marehemu. Mkononi alishika fimbo ya marehemu. Akaanza kutembea kama marehemu, huku akiburuta mguu mmoja. Akaja mpaka tulipokaa wapangaji. Akagonga fimbo chini, akasema:

"Kodi ya mwezi huu iko wapi? Mnadhani nikienda zangu mtakaa bure?"

Ndugu msomaji, damu yangu ilichemka. Nikasimama. Nikamshika mzee yule mkono, nikataka kumtoa nje. Niliona anamtukana maiti, tena mbele ya mjane.

Lakini nikasikia kicheko kutoka ndani. Aliyecheka alikuwa mjane mwenyewe! Machozi yalikuwa bado yanamtoka. Akasema, "Mpeni kodi yake huyo, asije akatuharibia mazishi." Watu wakamtupia mzee sarafu. Yeye akaziokota, akasema ni chache, akadai zaidi. Kisha akavua kofia ile taratibu, akairudisha ndani. Akachukua jembe, akaondoka na vijana kwenda kuchimba kaburi.

Mimi nilibaki nimesimama kama mti.

Jioni, baada ya mazishi, mzee yule alikuja kukaa karibu nami. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe kabila gani?"

Nikajibu, "Msukuma."

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mimi ni Mnyamwezi. Sisi Wanyamwezi na nyinyi Wasukuma ni watani wa Wazaramo. Kazi niliyoifanya leo ilikuwa yako pia. Umekaa katika nyumba hii zaidi ya mwaka mmoja. Umemzika mtani wako kama mgeni. Baba yako hakukufundisha?"

Niliona aibu. Nilijua neno utani, lakini nilidhani ni mzaha tu wa vijana. Nilitaka kumpiga mtu kwa kufanya mila ambayo ilikuwa mila yangu mwenyewe.

UTANI ULITOKA WAPI?

Mzee yule alinieleza hivi.

Katika karne ya 19, Wanyamwezi na Wasukuma wengi walikuwa wapagazi. Walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo na miji mingine ya pwani. Walitembea kwa miguu kwa miezi. Walipita katika nchi za watu wengine. Walihitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Wengine waliugua, na wengine walifia njiani.

Je, nani angemzika mtu aliyefia ugenini? Nani angempa chakula mpagazi asiye na ndugu? Wenyeji na wapita njia wakafanya mapatano. Wakawa watani. Mtani aliweza kuchukua chakula cha mtani wake bila kuitwa mwizi. Mtani alimzika mtani wake. Na mtani alipotania, mwenzake hakuruhusiwa kukasirika.

Utani mwingine ulitokana na vita. Wangoni walikuja kutoka kusini mwa Afrika katika karne hiyo hiyo. Walipigana na makabila mengi. Vita vilipokwisha, baadhi ya maadui wa zamani waliamua kutaniana. Badala ya kukumbushana vita kwa mikuki, walikumbushana kwa maneno ya kuchekesha.

Lakini sikiliza vizuri, ndugu msomaji. Utani una sheria zake. Mtani anayecheka ndiye huyo huyo anayechimba kaburi. Mtu anayecheka kabila la mwenzake, kisha hamsaidii wakati wa shida, huyo hatanii. Huyo anatukana.

TWENDE KINONDONI

Sasa tutoke Temeke. Panda daladala liendalo Makumbusho, Kinondoni. Ukishuka, uliza Kijiji cha Makumbusho. Kipo Kijitonyama, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Hata kituo cha daladala cha hapo kilipata jina lake kutokana na kijiji hicho.

Kijiji cha Makumbusho ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Kilianzishwa katika miaka ya 1960. Ndani yake zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi yetu. Utalipa kiingilio, kisha utatembea kutoka nyumba hadi nyumba. Ni kama kuzunguka Tanzania kwa miguu kwa saa chache.

Tazama nyumba ya Wahaya. Ni msonge mkubwa wa duara. Nyasi zimeanzia juu kabisa zikafika mpaka chini. Sasa tazama nyumba ya Wagogo. Inaitwa tembe. Ni fupi, na paa lake ni bapa. Limetengenezwa kwa miti, na juu yake umewekwa udongo.

Mtu asiyeuliza anaweza kusema, "Nyumba hii ni nzuri, na ile ni mbaya." Lakini uliza sababu. Bukoba mvua ni nyingi. Nyasi zile ndefu humwaga maji mbali na nyumba. Dodoma mvua ni chache, na upepo ni mkali. Paa bapa la udongo linafaa huko. Peleka tembe Bukoba, mvua za masika zitalibomoa. Wahaya wana akili, na Wagogo wana akili. Kila mmoja alijibu swali la nchi yake.

Nenda pia kwenye nyumba ya Wazaramo. Ina pembe nne. Kuta zake ni za miti na udongo. Miti, udongo na makuti ndivyo vitu vinavyopatikana pwani. Nilipoiona nilimkumbuka yule mzee wa Tandika.

Ukitoka hapo, siyo mbali kufika Mwenge. Huko kuna soko kubwa la vinyago. Wachongaji wengi wa kwanza walikuwa Wamakonde. Utaona kinyago cha mpingo chenye watu wengi waliobebana, mmoja juu ya mwingine. Usipite tu. Muulize mchongaji maana yake. Atafurahi kukueleza.

TUSEME UKWELI WOTE

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika. Alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa. Alisikitika kwamba wakoloni walitufanya tuzionee haya ngoma zetu wenyewe. Alitaka tuchukue mila zilizo bora za makabila yote, ziwe mali ya taifa zima.

Alisema zilizo bora. Hakusema zote. Kueleza mila yako si kuisifu tu. Zamani mwali wa Kizaramo alifungiwa ndani kwa muda mrefu sana. Wazaramo wenyewe walilizungumza jambo hilo. Siku hizi wazazi wengi humfundisha binti yao wakati wa likizo, ili asikose masomo. Mafunzo yamebaki, na shule imebaki. Hata sisi Wasukuma tunayo yetu ya kurekebisha. Mtu anayeipenda mila yake haogopi kusema inapouma.

NA WEWE JE?

Ndugu msomaji, labda hutafika Temeke mwaka huu. Lakini hata katika kijiji chako wapo watu waliotoka mahali pengine. Pengine ni mwalimu, mganga, mfanyabiashara au mke aliyeolewa kutoka mbali. Mgeni huyo anakutazama. Wewe pia unamtazama.

Akikuuliza sababu ya mila fulani, usimjibu, "Ndivyo tulivyo." Jibu hilo halimsaidii. Tena linaonyesha kwamba wewe mwenyewe hujui. Nenda kwa wazee uwaulize. Sasa unajua kuandika. Chukua daftari, andika wanayokuambia. Andika salamu, majina ya ngoma, na majina ya watani wa kabila lako. Wazee hawatakaa nasi siku zote.

Mimi niliandika. Katika ukurasa wa kwanza nilimwandika yule mzee wa Kinyamwezi. Miaka kadhaa baadaye, mjane wa mwenye nyumba wetu naye alifariki. Siku ile nilifika mapema. Nilijifunga kanga yake kiunoni, nikaketi jikoni, nikaanza kuwagombeza wapishi kwa sauti yake. Binti zake walicheka huku wakilia.

Kisha nikachukua jembe.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kabila lako lina utani na makabila gani? Ulianzaje?
2. Ni mila gani ya kwenu ambayo mgeni huishangaa? Sababu yake ni nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya utani na tusi?
4. Ni mila gani ya kwenu mngependa kuirekebisha? Kwa nini?