Eda Imekwisha, Moyo Je?

Sisi tunaowasikiliza wanawake walioachika hapa Malindi huambiwa mara nyingi: "Eda imekwisha, na posa imekuja." Eda ya mtalaka mwenye hedhi ni twahara tatu, ya mfiwa asiye na mimba, miezi minne na siku kumi. Ikiisha, ndoa ni halali, lakini utayari ni jambo jingine. Ndipo tunapomuuliza: Wamtaka mume huyu, au waikimbia kodi ya nyumba na maneno ya jamaa? Waweza kuikataa posa hii bila hofu? Asiyeweza kukataa hajakubali.

Wazazi wenzetu, katika madhehebu yetu ya Shafii, aliyekwisha kuolewa haozwi mpaka aitamke idhini yake. Basi mpeni muda aitafute moyoni kabla hamjaidai kinywani.