Ukingo wa Mto Nairobi, Upande wa Shauri Moyo

Zama nilipokuwa ghulamu katika nyumba za baraza la mji pale Shauri Moyo, ukingo wa Mto Nairobi ulikuwa mahali pa kupita mbio. Taka za soko la Gikomba ziliishia huko, mifereji ya maji machafu ikipasuka ilimwagikia huko, na mzazi mwenye busara alimkanya mwanawe asiukaribie baada ya magharibi, kwa kuwahofu vibaka zaidi ya maji.

Serikali haikukosa azma. Marehemu John Michuki, alipokuwa waziri wa mazingira tangu 2008, aliupigania mto kwa ule ukali wake mashuhuri, hata bustani iliyo karibu na mzunguko wa Globe ikapewa jina lake. Lakini kwetu huku, mto uteremkiapo, athari ya juhudi hizo ilikuwa haba.

Walioanza kuugeuza ukingo wetu ni vijana wa mtaani, aghalabu wasio na ajira, waliozoa taka kwa koleo na mikokoteni na kuuza plastiki kwa kilo. Kisha, kabla ya kupanda hata mche mmoja, wakaitisha baraza. Mama wauza mboga walitaka njia yao ya kuvukia kwenda Gikomba isizibwe, wazee wakataka kivuli na viti, na watoto wakataka uwanja, nao ndio waliopunjwa. Tairi kuukuu zikapangwa ngazi kwa ngazi, zikashindiliwa udongo na kupandwa mianzi. Na njia ya bustani ikafuata uchochoro ule ule uliokanyagwa miaka mingi, pamoja na mpindo wake uliolizunguka shimo ambalo limekwisha kufukiwa. Kadhalika huko Korogocho, vijana wa Komb Green, ambao baadhi yao walikuwa wameacha uhalifu, waligeuza jaa la ukingoni kuwa bustani ya wananchi.

Yakaja mafuriko ya 2024, ikafuata amri ya kuhama mita 30 kutoka mtoni na nyumba nyingi zikabomolewa. Na Machi 2025 ikazinduliwa kazi ya kuuhuisha mto kwa kilomita 27.2. Sina inda nayo, kwa kuwa kulaza mabomba ya maji machafu hakuwezi kufanywa na kikundi chenye koleo; ila nawataka wahandisi waje na vigingi vyao siku ya baraza, wamwulize mama wa mboga kabla hawajaunyoosha ule mpindo.